Kijiko cha Maharage Mapya Nyakitonto

Nusura nirudi kwetu Pangani kwa sababu ya kijiko kimoja cha maharage!

Leo nimepika maharage mapya, nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Ngoja niwasimulie.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miezi miwili tu ya ndoa, mume wangu akanipeleka kwao Nyakitonto, huko Kasulu, wakati wa mavuno. Mama mkwe akanikabidhi chungu cha maharage mapya niyaunge kwa mawese.

Nikaunga. Nikachota kijiko, nikaonja chumvi.

(Kwetu pwani, mpishi asiyeonja anasemwa!)

Wifi yangu akashika mdomo.

"Yoo! Umeonja?"

"Ndiyo, chumvi imekolea," nikajibu, najisifu kabisa.

"Wifi, mavuno mapya hayaguswi na mtu kabla ya mama! Yeye ndiye anaganura, anayaonja wa kwanza, ndipo wengine tule."

Hakuna aliyeniambia, jamani! Nikaona ndoa imeishia pale jikoni.

Mama mkwe akaingia. Nikapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimekutangulia kuonja."

Akanitazama weee! Kisha akamtuma wifi maji, akaniinamia sikioni.

"Inuka, mwanangu. Mimi nilichemsha yangu juzi kulekule shambani, nikala nikashiba. Usimwambie mtu."

Tukacheka mpaka machozi.

Mama mkwe ametangulia mbele ya haki, na siri yetu sikuwahi kuitoa mpaka leo.

Wifi, kama unasoma hapa, pole sana!

Na nyie mlioolewa mbali, mlikosea nini jikoni?