Kuku Bila Firigisi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyofundishwa biashara na mtu ambaye hakuwahi kuuza hata ndizi. Nilikuwa bado mbichi, nina mtoto mmoja mgongoni na hoteli ndogo ya mabati karibu na steji ya magari mjini Bungoma.

Mimi si mzaliwa wa huko. Wazazi wangu walitoka sehemu za kati wakanunua shamba Kitale, nami nikazaliwa katikati ya mahindi. Baba alikuwa mchuuzi wa nafaka, mtu wa kubana, na nyumbani kwetu hakikutupwa kitu. Mabua yalikuwa ya ng'ombe, magunzi yalikuwa kuni, na maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ya sukuma wiki. Kwa hiyo nilipofungua hoteli na marehemu mume wangu, kichwa changu kilijaa mafunzo ya baba. Wala hayakuwa mabaya. Mpaka leo nakwambia, anayetupa maganda ya viazi na jirani yake anafuga nguruwe hajui biashara.

Watu wa Bungoma wanapenda kuku, hilo halihitaji utafiti. Nikawapikia kuku wa kienyeji, si hawa wa gredi wanaokufa wakisikia radi. Walikula, wakasifu mchuzi, wakarudi. Kisha nikabuni ujanja wangu. Niliona makanga wa pale steji, wale wanaoita abiria, wanataka kitu cha kutafuna wakingoja gari lijae, na sahani ya kuku hawaiwezi. Nikaanza kutoa firigisi za kuku wote, nazikaanga kwa kitunguu na pilipili, nazichomeka kwenye vijiti na kuziuza mlangoni. Zilikuwa zinaisha asubuhi mapema. Wateja wa ndani hawakuuliza, kwa sababu aliyenunua paja alijua amenunua paja. Nilijiona mwerevu kuliko wenye hoteli wote wa mtaa ule, na nilikuwa sifichi.

Sasa kulikuwa na mteja wangu mmoja, mzee Wekesa, karani katika ofisi ya serikali. Mke wake alikaa shambani kwao Bumula, naye alipanga chumba mjini. Alikula kwangu karibu kila siku, ugali na mboga ya mrenda, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliingia mchana na wanaume watatu waliovaa makoti, uso wake umechangamka kuliko siku zote. Akaniita kando.

"Mama, hawa ni wageni wa heshima. Ni watu wa kijana anataka kuoa msichana wangu, Nekesa. Wamekuja kuniona kwanza kabla waende nyumbani. Hawakutuma habari, na huko kwa chumba sina hata sufuria ya maana. Niletee kuku moja mzima."

Nilikuwa na kuku ameiva tayari, na firigisi yake ilikuwa imeshapita mlangoni. Sikuwaza chochote. Nikapanga vipande kwenye sinia, nikaongeza ugali wa kutosha, nikapeleka mwenyewe, nikapiga goti kidogo kama nilivyowaona wanawake wa huko wakifanya. Unaona, mwanangu, goti nilikuwa nimeiga. Kuiga ni rahisi. Kuuliza ndiko kunakotushinda, kwa sababu anayeuliza anakiri kwamba hajui.

Mkubwa wa wale wageni, baba mkubwa wa kijana, alinawa mikono, akaomba, akachukua kijiko akageuza nyama. Akageuza tena upande wa pili. Wenzake wakainama kutazama. Halafu akakiweka kijiko chini, akasema, "Asante, mkwe. Tumeshiba." Hakuna aliyekuwa amemega hata tonge. Wakasimama, wakachukua kofia zao, wakatoka kuelekea kwenye magari.

Mzee Wekesa akaja jikoni. Nilidhani nyama imeonekana na unywele.

"Firigisi ya hii kuku iko wapi?"

"Niliuza, mzee. Lakini nyama yote iko. Hata nimeongeza supu."

"Uliuza." Akakaa juu ya gunia la makaa na suruali yake safi ya ofisi. "Mama, hapa kwetu hiyo ndiyo kuku. Hiyo ingine ni nyama tu. Mgeni kama huyu ukimwekea kuku haina firigisi, umemfukuza. Sasa wanajua nimekataa kijana wao. Watafika nyumbani waseme ati Wekesa ametutukana mbele ya watu, na msichana wangu atakaa hapo akingoja watu hawarudi."

Nikaanza kujitetea. Nikasema kwetu sisi firigisi ni kipande kama vipande vingine, kwamba sikujua. Hapo ndipo alipoinua macho, wala hakupandisha sauti.

"Kukosa kujua si makosa. Wewe si wa hapa. Lakini umekaa na sisi tangu mvua ya mwaka jana, unakula pesa yetu kila siku. Unajua mimi napenda mrenda. Unajua yule dereva hataki chumvi. Si ungeuliza mtu mmoja tu, 'hii firigisi mimi natoa, ni sawa?' Hata mimi ningekwambia, na singeitisha kitu."

Mwanangu, nimekemewa na wengi. Baba alinikemea kwa kiboko, mama mkwe kwa mafumbo. Hakuna maneno yaliyoniuma kama yale, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimfikiria huyo Nekesa, ambaye sikuwahi kumwona, yuko Bumula anapalilia mahindi bila habari, na ndoa yake inavunjika kwa ajili ya kijiti changu cha pilipili.

Nyuma ya hoteli nilikuwa na jogoo mwekundu niliyemweka kwa ajili ya kesho yake. Nikamtia kwapani, mtoto mgongoni, nikakimbia hadi steji na aproni yangu yenye mafuta. Wale wazee walikuwa wameshaketi ndani ya gari. Nikasimama dirishani, abiria wote wakisikia.

"Wazee wangu, huyu mzee hana makosa. Kuku ilikuwa na firigisi yake. Ni mimi nilitoa nikauza. Mimi ni mtu wa kutoka Kitale, sikujua, na sikuuliza. Nawaomba mshuke, niwapikie hii mkiona kwa macho yenu."

Yule mkubwa akanitazama mimi, akamtazama jogoo.

"Uliuzia nani?"

Sikutaka kusema. Lakini makanga wa gari lile lile alikuwa amesimama mlangoni, kijiti bado kiko mdomoni. Nikamwonyesha.

Mzee akamgeukia kijana wa watu. "Kumbe mwenye kuoa ni wewe. Basi hata ng'ombe wa mahari utatoa wewe."

Abiria wakaangua kicheko. Makanga akaapa kwamba hana hata mbuzi. Mzee mwenyewe hakucheka, ila aliichukua kofia yake, na hapo nikajua anashuka.

Jogoo alichinjwa wakitazama. Firigisi nikaiweka juu kabisa ya sinia, mtu asihitaji kijiko kuitafuta. Yule mkubwa akaila polepole mpaka ikaisha, ndipo wengine wakanyoosha mikono. Mzee Wekesa alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi kama mshtakiwa. Alipoona wanakula, naye akamega ugali. Nekesa aliolewa baada ya mavuno.

Usidhani mambo yaliishia kwenye harusi, lakini. Habari ile ilizunguka mji. Kwa muda mrefu vijana walikuwa wakipita mlangoni wakiniuliza, "Niaje mama, firigisi imepanda bei?" Hao hawakunidhuru, walicheka na kuingia. Walionidhuru ni wazee waliokuwa na kawaida ya kuleta wageni wao kwangu. Hawakunitukana wala hawakunilaumu, walienda tu kwingine, na hawakurudi hata siku moja mpaka nilipofunga hoteli ile nikarudi Kitale. Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee Wekesa peke yake ndiye aliyeendelea kuja kula mrenda wake, na kila nilipotaka kubadilisha kitu jikoni nilimuuliza kwanza. Alijibu kama mtu anayelipwa kwa kila neno, lakini alijibu.

Nyinyi vijana wa leo nawaona. Mnasoma, mna simu, mnatangaza bidhaa mtandaoni hata kabla hazijafika. Ni vizuri. Mpwa wangu mmoja alipata mafunzo kwenye chuo cha wakulima kule Mabanga, akaja akafungua duka Bokoli, akajaza unga wa pakiti, mweupe kama chaki. Watu wa pale wana mahindi yao nyumbani. Wanachanganya na wimbi na muhogo, wanapeleka kusaga wenyewe. Unga wake ukakaa mpaka ukaingia wadudu. Akanijia akilalamika kwamba watu wa Bokoli hawajui kitu kizuri. Nikamwambia, "Ati hawajui? Wewe ndiye hujui wanakula nini." Alininunia, hata chai yangu hakumaliza. Baadaye aliuza zile rafu akatafuta mashine ya kusagia, na sasa foleni ya wanawake na madebe yao inafika barabarani.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naisema waziwazi ili usinisingizie kwamba nilikuficha. Mjue mteja wako kabla hujamjua mshindani wako. Kubana matumizi ni jambo jema, lakini kitu usichokithamini wewe, uliza kwanza kina thamani gani kwa anayekula kwako, kwa sababu unaweza kukata heshima ya mtu ukidhani unakata gharama. Wala usimuulize rafiki yako, yeye atakusifu tu. Muulize yule mteja mkimya anayekuja kila siku. Amekuona vizuri kuliko unavyojiona. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ukikosea, maana utakosea, usitume mtu wala ujumbe. Nenda mwenyewe, useme kosa lako mahali pale pale lilipomwaibisha mwenzako, na uende ukijua kwamba wengine watakusamehe na bado hawatanunua kwako tena. Hiyo ni haki yao, usiwachukie.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe wateja wa kukwambia ukweli na moyo wa kuwasikiliza. Mlango wako usikose mgeni, na asiwepo mgeni hata mmoja atakayesema ameshiba mezani pako akiwa na njaa.