Raga ya Jangwani na Mkono wa Mwenyekiti

Mzee mwenzangu yule kazeeka vizuri, hilo simnyimi. Mwezi uliopita alisimama mbele ya vijana wa mabenki na maofisi, ndani ya ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kumfanya mtu atafute sweta Dar es Salaam hii hii, akawafundisha uongozi. Mada yake ilikuwa namna alivyojenga timu ya raga iliyowashinda wageni enzi za Ujamaa. Alikuwa na picha za kumulika ukutani, kijitaa chekundu cha kuonyeshea, na masomo saba. Mimi alinialika niwe shahidi. Nilikaa mstari wa mbele, sambusa mkononi, nikawa namsikiliza huku najiuliza huyu bwana haya zake aliziacha wapi.

Maana timu ile naijua. Niliifundisha mimi.

Siku hizo nilikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma. Ghala letu lilikuwa Gerezani, pua na mdomo na soko la Kariakoo. Raga niliijulia Nairobi, nilikofanya kazi ujanani kabla nchi zetu hazijanuniana na kila mtu akarudishwa kwao na sanduku lake. Hapa Dar mchezo ulikuwa wa wageni watupu. Waliucheza Jumamosi kwenye klabu yao kule karibu na bahari, juu ya nyasi zilizomwagiliwa maji wakati sisi tunagombania bomba moja mtaa mzima.

Huyu mzee mwenzangu alikuwa meneja utawala wetu. Siku moja mhandisi mgeni akamwambia, kwa mzaha tu wa mezani, kwamba mpira wa yai haumfai Mwafrika. Yakamchoma. Kesho yake aliitisha mkutano wa wafanyakazi, akatangaza timu, akajitangaza mwenyekiti wa timu, na kabla ya magharibi tulikuwa na kamati ya watu tisa, mhazini na makamu wa mhazini. Mpira hatukuwa nao, mpaka nilipoutoa wangu wa zamani uvunguni.

Wachezaji aliwachagua mwenyewe, kwa vyeo. Mhasibu mkuu akawa nahodha kwa sababu alikuwa mkuu. Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, raga haichezwi kwa ngazi za mshahara." Akanijibu kwamba nidhamu inaanzia juu. Haya, tukateremka viwanja vya Jangwani jioni, mhasibu mkuu kavaa soksi nyeupe za kufika magotini. Mgongano wa kwanza tu, yuko chali anamwita mama yake, bega limetoka. Karani wa masijala alipopewa mpira alikimbia nao mpaka nje ya uwanja, akauweka chini taratibu, kisha akarudi kuomba radhi. Waliokuja kutazama walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Makarani nikabakiza saba wenye mbio, wacheze nyuma; kwa wale wanane wa mbele, wa kusukumana, nikaenda kwa wasukuma mikokoteni. Hao niliwaona kila siku ghalani, wanane wakisukuma mzigo mmoja kwenye tope la masika, vichwa chini, makalio chini, sauti moja. Mmoja wao alikuwa mtu wa Newala. Hakuwa mrefu, ila shingo hana, kichwa kimekaa moja kwa moja mabegani. Maneno alitoa kwa kipimo. Alikuwa na mke na binti mdogo, chumba kimoja pale Msimbazi, na binti alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza.

Na alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Miaka ile walikuwa wanasakwa wazururaji. Kama huna kitambulisho cha kazi, wewe mzururaji, hata kama unasukuma mkokoteni tangu alfajiri na jasho linakumwagika mgongoni. Mgambo wanakuzoa, unapandishwa lori, unarudishwa kwenu ukalime. Yeye walishamrudisha mara moja, akarejea kwa taabu anazozijua mwenyewe. Nilipomaliza kumweleza raga ni kitu gani, aliniuliza swali moja tu.

"Hii raga, mwalimu, inatoa kitambulisho?"

Nikalipeleka swali kwa Mwenyekiti. Akapiga meza. "Watapata. Kila atakayecheza ataandikwa kibarua wa shirika, na nitasaini mwenyewe." Maneno hayo niliwapelekea kwa mdomo wangu, na wote wanane wakaja Jangwani kwa ajili ya maneno hayo, peku, jioni, baada ya kazi ambayo ingemlaza mhasibu mkuu wiki nzima.

Sikuwafundisha mengi. Raga ina sheria chungu nzima, na ya kuotea yule wa Newala hakuielewa hata siku moja, nami niliacha kumsumbua. Niliwafundisha jambo moja nikalirudia mpaka wakanichoka. Mtu akiangushwa na mpira, huyo ndiye kazi yenu yote. Msimtazame. Msimpe pole. Msimlilie refa. Njooni juu yake, shikaneni, inameni, simameni hapo hapo mpaka mpira utoke. Hilo yule wa Newala alilishika siku ile ile, na mwenzake akichelewa kufika alimkaripia kwa Kimakonde mpaka masikio yanawaka.

Mwenyekiti alikuja na Pijo ya shirika, akateremsha kioo, akahutubia kutokea ndani ya gari. Umoja, mshikamano, kujitolea. Soda za wachezaji zilinywewa na kamati, maana kamati nayo ilikuwa inachoka kutazama. Vitambulisho wakiulizia, jibu lilikuwa wiki ijayo. Baadaye fomu zikawa zimekwisha. Baadaye, nisikilizeni jamani, akaja kafunga bendeji mkono wa kulia. Mkono unauma, akasema, daktari kanikataza kushika kalamu.

Nilimfuata ofisini. Nikamkuta anasaini vibali vya sukari kwa mkono ule ule, bendeji na yote. Wala hakushtuka. Akaniambia nifunge mlango, kisha akanielimisha: "Mwalimu, mtu ukishampa anachokitaka, atakimbia tena? Waache na njaa kidogo. Huo ndio uongozi." Kule semina hili lilikuwa somo la tatu. Siku hizi linaitwa kujenga kiu ya ushindi, na vijana waliliandika wote, wameinamisha vichwa.

Tukaanza kushinda. Tuliwashinda mabaharia wa meli moja iliyokwama bandarini, tukawashinda wanafunzi wa chuo, na kila tukishinda alibebwa juu juu yeye. Mwishowe klabu ya wageni ikakubali kucheza nasi Jumamosi, mgeni rasmi kutoka wizarani. Mwenyekiti akashona suti mpya ya mikono mifupi. Vitambulisho, akasema, baada ya mechi.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa kwenye foleni ya sabuni, pembeni mwa soko, filimbi za mgambo zikalia. Kariakoo ikakimbia kama kawaida. Wasukuma mikokoteni wanakijua kila kichochoro pale, kufumba na kufumbua hawapo. Akabaki yule wa Newala, kwa sababu mkokoteni wake ulikuwa na magunia ya vitunguu ya mtu, na vitunguu vya mtu havitupwi. Mgambo wakamshika ukosi.

"Mimi mchezaji wa shirika," akasema.

"Kitambulisho?"

Akaushika mkokoteni wake. Mmoja akampiga rungu la goti, akaanguka kiubavu pale kwenye tope la sokoni.

Hapo nikawaona wenzake wanarudi. Walishatoroka, wallahi, walikuwa wamekwisha kupona. Walitoka vichochoroni wote saba, wameinama, hakuna aliyerusha ngumi wala aliyetukana. Wakaja juu yake, wakashikana mikono, wakasimama. Mgambo wakawapiga migongo, wakawavuta miguu, wakawapiga tena. Hawakuachana. Wauza mchicha walisimama na mafungu yao mikononi wakitazama. Wale mgambo walipochoka wakarudisha lori kinyumenyume hadi pale pale, wakawapakia wote wanane kwa pamoja, na nilipowaona mara ya mwisho lori linakata kona bado walikuwa wameshikana. Nililia. Nililia kwenye foleni ya sabuni, mtu mzima na ndevu zangu, na sioni aibu kusema.

Sabuni nikaiacha, nikakimbia mpaka kwa Mwenyekiti. Nilimweleza huku nahema. Alitoa macho.

"Wote wanane?"

"Wote."

"Sasa Jumamosi nacheza na nani?"

Hakuuliza kama wameumia. Aliifungua bendeji kwa meno, akaitupa kwenye kapu la takataka, akamwita mpiga chapa. Fomu zilizokwisha zikapatikana. Jambo lililoshindikana miezi mitano likamalizika kabla ya adhana ya alasiri, na mihuri ilikuwa bado mibichi tulipofika kwenye uwanja walikofungiwa. Akaongea na mkubwa wa pale, wakacheka pamoja, watu wakatolewa. Kabla hajawagawia, akawahutubia juu ya nidhamu. Wamesimama juani, midomo imevimba, wanahutubiwa nidhamu.

Yule wa Newala alipokea chake, akaitazama saini, kisha akautazama ule mkono, akaugeuza na kuugeuza kwa macho.

"Kumbe mkono mzima, Ndugu Mwenyekiti," akasema.

Wenzake wakacheka kwa midomo yao ile iliyovimba. Mwenyekiti naye akacheka, akampiga bega, akadhani anasifiwa.

Jumamosi tulishinda. Sitasimulia mechi, maana amekwisha kuisimulia yeye kwa picha. Nitasema tu kwamba migongo ya wanane wale ilikuwa na michirizi ya rungu, wageni waliiona kipindi cha mapumziko jezi zilipovuliwa, na wakauliza, na hakuna mtu wa kamati aliyejibu. Trai ya mwisho, lile bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wao, aliifunga yule wa Newala, wenzake juu yake, hata refa alichukua muda kumpata. Nawapa wageni haki yao, walitupigia makofi. Mwenyekiti akabebwa. Mwezi haukuisha akahamishiwa wizarani, na cheo juu.

Meneja mpya hakutaka kusikia habari za mpira wa yai. Vile vitambulisho vilikuwa vya mwaka mmoja, mwaka ukaisha, na hakukuwa na mkono wa kusaini vingine. Nilikwenda wizarani mara mbili kumtafuta. Mara ya kwanza nikaambiwa yuko kikaoni. Mara ya pili nilimwona mwenyewe dirishani, halafu nikaambiwa yuko safarini. Msako uliofuata walimkamata yule wa Newala daraja la Msimbazi, asubuhi mapema, akimpeleka binti shule. Wenzake walishatawanyika kutafuta riziki, mmoja Ubungo, mmoja ng'ambo Kigamboni, wengine sijui wapi. Alikuwa peke yake. Mtoto alirudi nyumbani mwenyewe na madaftari. Baada ya wiki chache mkewe akauza kitanda, wakapanda meli ya kusini kumfuata, na chumba akapanga mtu mwingine.

Basi kule hotelini tukafika somo la saba. Kiongozi, akasema, hamwachi mtu wake chini. Akasimulia alivyokwenda kwa miguu yake kuwatoa vijana wake mikononi mwa mgambo, na sauti ikamtetemeka mahali panapostahili. Ukumbi ukapiga makofi. Akaninyooshea kijitaa chake chekundu kifuani. "Mwalimu yupo, atashuhudia."

Nikasimama. Binti mmoja akanipa kipaza sauti.

"Nina swali, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Yule wa Newala, aliyeanza kukamatwa. Uliyemsainia kitambulisho. Alikuwa anaitwa nani?"

Akatabasamu. Akasema, ah, yule. Yule wetu, wa mbele, mwenye nguvu. Akakodolea macho ukutani, penye picha ya timu, na yule wa Newala alikuwa pale pale katikati, kichwa mabegani, anamtazama. Akanywa maji. Akasema umri, vijana wangu, umri. Watu wakacheka kwa adabu, binti akakichukua kipaza sauti taratibu, akampelekea mwingine mwenye swali kuhusu malengo.

Jina lake ninalo mimi, la kwake na la baba yake na la yule binti. Hapa sijaliandika kwa makusudi. Naambiwa Mwenyekiti anasoma kila kinachoandikwa juu ya timu yake, na semina ijayo angelitaja.