Nishani ya Fundi Rangi

Shangazi yangu alichambua mbegu za mahindi kiwandani tangu usichana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani. Kampuni ilipoamua kuwatuza wafanyakazi wa muda mrefu, nilimsindikiza ukumbini.

Furaha ilitumbukia nyongo alipomwona aliyeketi jirani yake. Alikuwa mkuu wa ghala, ambaye wafanyakazi walimwita Fundi Rangi. Msimu mmoja bwana huyo alichukua mahindi ya chakula yaliyooza, akayapaka rangi nyekundu ya dawa ya kuhifadhi mbegu na kuyauza kama mbegu. Wakulima walipanda, mashamba yakabaki matupu, likiwemo la mume wa shangazi. Kesi ikazimwa kimyakimya.

Sasa alikuwa anatafuna kuku mdomo wazi, mafuta yakimchuruzika kidevuni, huku mshereheshaji akimwita "baba wa mbegu bora." Shangazi akaisukuma kando sahani yake.

Wakaitwa jukwaani pamoja. "Haya, wazee wetu, peaneni mikono tupige picha!"

Fundi Rangi akanyoosha mkono uliolowa mafuta. "Dada yangu, tumetoka mbali."

"Labda wewe na uozo wako," shangazi akajibu kwenye kipaza sauti. "Watu walilala njaa kwa rangi yako. Mkono huo siushiki."

Meneja akacheka kicheko cha kubabaisha, muziki ukafunguliwa, na Fundi Rangi akavishwa nishani yake vilevile. Shangazi alipopewa ya kwake, aliiacha mezani, katikati ya mifupa ya kuku.

"Twende, mwanangu. Hapa pananuka."

Njia nzima alikuwa anatema mate kama aliyemeza nzi.