Filamu niliiongoza mimi, sifa anapewa mume wangu

Admin, tafadhali ficha jina langu, hapa Kamembe tunajuana sana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne. Nilikulia Bukavu, sasa naishi Gihundwe na mume wangu na watoto wetu wawili. Watu wananijua kama mpiga video za harusi. Hawajui kwamba niliwahi kutengeneza filamu.

Ni hadithi ya mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake. Niliiandika mwenyewe, nikaenda Nkungu kuwaomba akina mama wa kwaya waigize. Walinicheka. Kisha mmoja, nitamwita Maman Furaha, ambaye ni mjane kweli, akasema, "Mi nitacheza. Ile maneno naijua." Wachache wakamfuata, tukarekodi kiangazi chote, wakitoka kulima. Mume wangu alinishikia mikro ya kunasa sauti siku alizokuwa hana kazi. Alinisaidia, siwezi kukataa. Lakini kuamua nani asimame wapi, kipi kirudiwe, kuihariri mpaka macho yakauma huku nina mimba kubwa, yote hayo ni mimi.

Nilijifungua kwa upasuaji. Nikiwa bado hospitalini, mume wangu akaipeleka filamu Kigali kwenye tamasha. Nilishukuru sana. Siku ilipoonyeshwa nilikaa nyuma, mtoto kifuani, nikasoma kwenye skrini: mwongozaji, halafu jina lake. Langu lilikuwa mwisho kabisa, kati ya watu walioshukuriwa kwa kupika chakula. Nilipomuuliza akanijibu, "Maman, wewe na mimi si kitu kimoja? Batu hawangeiangalia kama ni jina ya mwanamke." Nilikuwa na kidonda na mtoto mchanga. Nikanyamaza. Kwa filamu hiyo akapata kazi ya kufundisha vijana kutengeneza filamu. Mimi nikarudi kwenye harusi.

Sasa kuna watu wanaandaa siku ya kuwaenzi wanawake waongozaji ambao kazi zao hazikutambuliwa. Na wamemwalika nani kuzungumza? Mume wangu! Aeleze kwa nini huku kwetu hakuna wanawake wanaoongoza filamu. Alikuwa anajizoeza hotuba yake sebuleni, mimi nachambua maharage, nikamsikia akisema, "Bamama betu bado banaogopa kamera." Niliacha maharage nikaenda kulia nyuma ya nyumba, watoto wasinione.

Halafu mwandaaji mmoja, dada mwenye heshima zake, akaenda Nkungu kuwaalika walioigiza. Maman Furaha akamwambia wazi, "Ule bwana alikuwa anabeba mikro tu. Mwenye alitufundisha ni muke yake." Yule dada akanipigia simu: "Ni kweli? Ukikubali, tutaionyesha kwa jina lako, mbele ya watu wote. Nipe jibu kabla ya Jumamosi."

Nilipomwambia mume wangu, hakufoka. Alipiga magoti. Sijawahi kumwona hivyo. "Maman, watanifukuza kazi. Batoto betu bataambiwa papa yabo ni mwizi. Sema tu huyo mama amechanganya." Nikamsihi basi aseme ukweli yeye mwenyewe, nami nitasimama pembeni yake. Akainuka, akatoka, na tangu hapo hanisemeshi. Mama yangu mzazi naye ananiambia, "Una bwana hakupigi, hanywi, unatafuta nini tena?"

Jana Maman Furaha alikuja kwangu kwa moto, zile pikipiki za abiria. Kumbe mume wangu alipiga simu Nkungu kukanusha maneno yake, na sasa wale wa kwaya ambao hawakuigiza wanamwita mwongo. Hata shemeji zake, wale anaogombana nao shamba, wanasema, mnaona, hata ile shamba alisema ni yake kwa uongo tu. Alikataa chai. Akanishika mkono, akauliza, "Binti yangu, ni mimi nadanganya?" Nikaanza kuondoa vikombe mezani. Aliondoka bila kuniaga.

Ndugu zangu, nikisema nabomoa nyumba yangu kwa mikono yangu. Nikinyamaza, yule mama anabaki mwongo kwa sababu alinitetea mimi. Simu ya yule dada ikiita naigeuza chini. Nishaurini, nimjibu nini? Ila nawaomba kitu kimoja: msiniambie nivumilie. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu.