Darubini ya Swala

Kiswahili cha kambini kimenikera, lakini kichwa changu ndicho kimenikera zaidi.

Nauza kamera na darubini hapa Mbale. Jana afande mmoja wa magereza, Mkristo ninayemjua, aliingia dukani. “Haji, nataka darubini muzuri ya swala.”

Moyo ukaniruka: afande amesilimu! Nikadhani anataka kutazamia mwezi. Nikamtolea iliyo bora kabisa, yenye kioo kipana cha kuvuta mwanga hafifu, na miguu yake mitatu.

“Ile ya alfajiri, giza kidogo, inafaa?”

“Alfajiri ndiyo yenye thawabu zaidi!”

“Na ya jioni. Ya mchana naacha, jua kali.”

“Afande!” nikang’aka. “Ya mchana haiachwi! Ni faradhi!”

“Haya Haji, usikasirike. Ya mchana pia.”

Nikakimbia kumwita imamu wetu. Akaja na wazee, wakamkumbatia afande kwa takbiri. Imamu akamuuliza nani aliyemfundisha swala.

“Baba yangu,” akajibu, huku akichungulia darubini. “Alisema, swala ikiinama, usikohoe. Lenga bega, piga risasi moja.” Akainua macho, akanigeukia. “Haji, kwani hawa wazee wote wanataka nyama?”