Nusu ya Ua

Mjukuu wangu anayesoma mambo ya kompyuta amenambia kuwa siku hizi wataalamu huchora maumbo ili wajue ubongo unafikiri vipi, na mashine nayo vipi. Nikamwambia, mimi ubongo wa baba yangu niliuona juu ya ubao, miaka ya hamsini, nikauficha kwa mkono wangu. Majina ya wote waliokuwepo nayakumbuka, hata la punda wa jirani. Sitayaandika.

Baba alikuwa fundi wa nakshi za milango, mtaani Mkomani. Mimi sikusoma ila chuoni, Kurani tu, lakini bikari alinifunza yeye. Unapiga duara, kisha huibani bikari wala huipanui. Unaitembeza vile vile juu ya mstari, vituo sita, na cha sita kinakurudisha ulipoanzia. Kila kituo piga tao, na ua la majani sita limetoka. Mama alikuwa na cherahani ya mkono, na uzi ukikatika iliendelea kudunga kitambaa bila kushona kitu. Baba humcheka: "Mashine yako, bibiye, haijui kama imefika. Na bikari yangu haijui. Anayejua ni kichwa."

Kisha kikaja kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea siku chache, ukarudi. Salamu zake zilikuwa sawa, watu aliwajua wote. Lakini wali aliula wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto akauacha. Nikiigeuza sahani hushangaa: "Kumbe mlinificha wali?" Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka, kidogo.

Ami yangu, mdogo wake baba, akauchukua mfuko wa zana akaufungia kwake.

"Kaka hajawa sawa," alisema. "Patasi hashiki, wala hapandi popote."

Mimi nilidhani ami anaitaka kazi. Baba akawa hukaa barazani, mikono mapajani, machozi yakimtoka bila sauti, na hata ile nusu ya wali akaikataa. Niliona anakufa mbele yangu. Mwisho ami akalegea. "Basi na apige ua moja. Likifunga, majani yote sita, nampa zana zake. Nitakuja baada ya alasiri nilitazame."

Nikamwekea baba ubao. Duara alilipiga zuri, maana bikari hujizungukia. Akaanza vituo toka juu, akashukia kulia: kimoja, cha pili, cha tatu, akafika chini kabisa. Akaiweka bikari.

"Limefunga," akasema.

"Baba, bado upande huu."

"Upande upi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Jicho lake likapita pale kama hapana nti, hapana ubao. Nikakumbuka cherahani ya mama, uzi umekatika na sindano inakwenda.

Alipojinyoosha akasinzia, nikaichukua bikari nikamalizia majani matatu.

Ami akaja, akapitisha kidole juu ya ubao. "Mistari ya huku mbona mizito?"

"Alikuwa amechoka, ami."

"Aliyechoka mkono wake huwa mwepesi, wewe." Akamgeukia baba. "Kaka, ua hili lako?"

"La nani tena? La mkeo?"

Ami akacheka mpaka akajifuta macho. Kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kuurudisha mfuko.

Siku ya tatu baba na ami walikwenda kupima mlango wa nyumba mpya. Baba alipanda jukwaa mwenyewe, akaushika ubao wa juu, akapima upande wa kulia. Kisha akageuka, akakanyaga kushoto, pasipo na kitu. Waliokuwepo walisema hakuita wala hakujishika. Alikanyaga kama mtu aliye nyumbani kwake.

Tulipokwisha kumzika, ami aliniita. Ubao ulikuwa magotini mwake.

"Nionyeshe ulipoanzia."

Nikaweka kidole pale chini kushoto, kituo cha nne. Hakunipiga, ingawa nilitamani anipige.

"Ungeniachia nusu yake kama alivyoichora, mwanangu," akasema, "ningesimama upande ule."