Riwaya za Mapenzi na Mshahara wa Mke Wangu

Nilikuwa naona aibu kusoma riwaya za mapenzi. Mwanamume wa miaka arobaini, baba wa watoto wawili, mpakia mizigo huko Malton, Kanada, karibu na uwanja wa ndege, halafu kwenye basi nimeinamia kitabu chenye picha ya mwanamke aliyelegea mikononi mwa bwana asiye na shati. Jalada nililifunika kwa gazeti.

Vitabu nilipewa na jirani yetu wa mtaa wa Crescent Town, mjane Mgoa aliyezaliwa Dar es Salaam, karani mstaafu. Nilimwambia nataka kuboresha Kiingereza changu. Akanipa mfuko mzima, na juu yake akaweka kitabu kinene cha historia ya ndoa za Waingereza.

"Soma na hiki, mwanangu," alisema. "Bila hiki hutajua hao mabwana wana utajiri kiasi gani."

Na kweli sikujua. Mabwana wa riwaya walipimwa kwa pauni walizopata kwa mwaka, mashamba kwa ekari, na uzito wa mtu kwa mawe, kila jiwe kama kilo sita. Mara ya kwanza nilidhani shujaa amebebeshwa mawe kumi na matatu.

Mke wangu alivikuta vitabu chini ya kitanda akifagia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto! Kumbe ndivyo unavyojifungia navyo chooni?"

Jioni akampigia simu dada yake wa Brampton, wakacheka pamoja. Mimi nilijifanya naangalia taarifa ya habari.

Jumamosi iliyofuata, akiwa anakanda unga wa chapati, akasema, "Haya, nisomee basi." Nikaketi jikoni nikawa namtafsiria. Msichana hana kitu, bwana ana pauni elfu tano kwa mwaka na shamba la ekari elfu mbili.

"Ekari elfu mbili ni kubwa kiasi gani?"

"Crescent Town yote ingepotea humo ndani."

"Na huyo msichana akishaolewa, anabaki na nini chake?"

Sikujua. Nikachukua kile kitabu cha historia, nikapekua, nikamsomea bila kufikiri: zamani, huko Uingereza, mwanamke akiolewa fedha zake zilikuwa za mumewe. Hata mshahara alioutolea jasho mwenyewe.

Mikono yake ikatulia kwenye unga.

"Kama mimi," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwanyanyua watu wazima vitandani tangu asubuhi, na mshahara wake uliingia kwenye akaunti yenye jina langu peke yangu. Tulipofika Kanada mimi ndiye niliyekuwa na vitambulisho kamili. Tukafungua hivyo, ikabaki hivyo. Kila Jumapili nilimpa tokeni za nauli ya basi na hela ya mboga, naye akaniambia asante. Miaka yote hiyo, asante.

"Lakini sijawahi kukunyima kitu," nikasema.

"Sijasema unaninyima. Nasema unanipa."

Nilifunga kitabu, yeye akaendelea na chapati zake.

Nilikusudia kumwambia twende benki pamoja. Kila siku nikaahirisha, eti nimechoka. Jioni moja akarudi kazini, akavua koti, akasema, "Nimefungua akaunti. Mshahara ujao utaingia kwangu. Kodi ya nyumba tutagawana."

"Sawa," nilisema, nikiangalia viatu vyake vilivyolowa theluji.

Miaka kadhaa baadaye tulialikwa Brampton, kwenye kikao cha harusi ya kijana wa nyumbani. Wanaume tulikaa sebuleni. Bwana harusi mtarajiwa akawa analalamika kwamba mchumba wake anataka akaunti yake mwenyewe. Mwenye nyumba akanigeukia.

"Mwangalie kaka yetu huyu. Mkewe ana akaunti yake tangu zamani, na nyumba imetulia. Hebu mwambie, kaka, ulimpaje uhuru huo?"

Wote wakanitazama. Mke wangu alikuwa anaingia na sinia la pilau, akasimama mlangoni.

"Ni kuelewana tu," nikajibu.

Wakatikisa vichwa kukubali, mmoja akanipigapiga bega. Mke wangu akaweka sinia mezani, akarudi jikoni.

Njiani kurudi nyumbani nilisubiri aseme neno kuhusu lile jibu langu. Alizungumzia pilau, kwamba mchele haukuiva vizuri, kisha akaegemea kioo cha gari akalala.